Umebadilisha jina la kompyuta, sasa mambo hayaendi: dalili, sababu na tiba

Saa moja na nusu asubuhi simu inaita. Ni mama mmoja mwenye steshenari, mteja wangu wa siku nyingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Printa imekufa, na watu wamejaa hapa wanataka nakala za vyeti."

Printa haikuwa imekufa. Niliikuta taa yake ya kijani inawaka, karatasi zipo, wino upo. Ila pembeni mwa skrini ya kompyuta ya kaunta kulikuwa na kikaratasi kimebandikwa kwa selotepu: KAUNTA-1. Kijana aliyekuwa pale kwa field alikuwa amefanya usafi jana yake jioni. Aliondoa lile jina la DESKTOP lenye mkia wa herufi zisizosomeka, akaweka linaloeleweka. Wazo zuri kabisa. Lakini kompyuta ya chumba cha nyuma ilikuwa inachapisha kupitia hiyo ya kaunta, na hakuna aliyeiambia kwamba mwenzake ana jina jipya.

Simu ninazopigiwa kuhusu jina la kompyuta nyingi ziko hivyo. Jina lenyewe hubadilika vizuri tu, na ni kazi ya dakika mbili. Ni kama mtu aliyekula kiapo kwa wakili akabadili jina: hati zinasema hivi, mtaani wanaendelea kumwita lile alilokulia. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, jua kwanza kompyuta yenyewe inajiitaje. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter, halafu andika:

hostname

Jibu likiwa ni jina jipya, kompyuta yako haina shida, tafuta aliyebaki na jina la zamani. Likiwa la zamani, shida iko kwako. Amri hiyo hiyo inafanya kazi kwenye Mac na Linux. Vitufe nitavitaja kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo vinavyosomeka kwenye skrini za wengi wetu.

Dalili: jina linakataliwa, au kitufe hakibonyezeki

Njia ya kawaida kwenye Windows 10 na 11 ni Settings, System, About, kisha Rename this PC. Ukiandika jina na kitufe cha Next kikabaki kufifia, sababu ya kwanza huwa ni herufi. Windows inataka herufi za kawaida, tarakimu na kistari tu. Hakuna nafasi, hakuna nukta, na jina haliwezi kuwa tarakimu tupu. Waswahili tunakwama zaidi kwenye ritifaa: "Ng'ombe" au "Chang'ombe-2" haiingii hata ukilazimisha. Andika CHANGOMBE-2, watu wataelewa. Kistari cha chini nacho kiache. Kuna njia zinazokikubali, lakini kitakusumbua baadaye kwenye mtandao.

Sababu ya pili ni urefu. Jina ambalo kompyuta za Windows huitana nalo kwa mtindo wa zamani wa NetBIOS lina herufi 15, basi. Ndiyo maana hata yale majina ya kiwandani, DESKTOP na herufi saba baada ya kistari, yanaishia hapo hapo kwenye 15. Ukipita kwenye dirisha la zamani, yaani Windows na R, sysdm.cpl, Computer Name, Change, unaweza kuandika refu zaidi, ila utaonywa kwamba litakatwa. Onyo hilo lisome. Nimewahi kukuta mtu ameandika STESHENARI-KAUNTA-1 na STESHENARI-KAUNTA-2. Zote mbili zikikatwa zinakuwa STESHENARI-KAUN, na hapo umejizalia pacha kwenye mtandao wako mwenyewe.

Sababu ya tatu ni akaunti unayotumia. Kama si ya msimamizi, Windows itakuomba nywila ya msimamizi, na usipokuwa nayo unarudi mkono mtupu.

Ukiona maandishi kwamba mipangilio inasimamiwa na shirika lako, acha. Kompyuta hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ni kitengo cha IT. Kuna video nyingi za kufundisha namna ya kuzunguka kizuizi hicho kwa kuhariri rejista (Registry, daftari la mipangilio ya ndani ya Windows). Kwenye kompyuta ya kazini usifanye hivyo, kwa sababu nitakazozieleza kwenye sehemu ya mwisho.

Dalili: umebadilisha, lakini jina la zamani limerudi au halijaondoka

Nane kati ya kumi, hujaanzisha upya. Jina jipya huandikwa pembeni likisubiri, na kompyuta hulivaa inapowaka tena. Ukifungua sysdm.cpl utaona ilani kwamba mabadiliko yatafanya kazi ukianzisha upya.

"Lakini fundi, nimeizima nikaiwasha." Hapa ndipo wengi wanapokwama, na kosa si lao. Windows za siku hizi zina kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibonyeza Shut down, moyo wa mfumo hauzimwi kabisa. Hali yake huhifadhiwa kwenye diski ili kesho kompyuta iwake haraka. Kwa hiyo unaweza kuizima na kuiwasha wiki nzima, na jina likabaki lile lile. Bonyeza Restart, si Shut down. Au andika kwenye lile dirisha jeusi:

shutdown /r /t 0

Hifadhi kazi zako kwanza, maana amri hiyo haibembelezi.

Kama ume-restart kweli na jina likabadilika, kisha siku ya pili likarudi, uliza hiyo kompyuta imetoka wapi. Kwenye maabara za shule na intaneti kafe hufungwa programu ya kugandisha diski, kama Deep Freeze. Kazi yake ni kuirudisha kompyuta ilivyokuwa kila inapowashwa, na jina lako jipya linafutwa pamoja na takataka nyingine. Aliyeifunga anatakiwa aiyeyushe kwa nywila yake, jina libadilishwe, halafu igandishwe tena. Bila nywila hiyo hakuna ujanja wa maana, na kuing'oa kwa nguvu kunaweza kukuachia kompyuta isiyowaka.

Mara chache Settings yenyewe ndiyo inagoma. Jaribu PowerShell iliyofunguliwa kwa Run as administrator:

Rename-Computer -NewName "KAUNTA-1" -Restart

Uzuri wa njia hii ni kwamba ikishindwa inakwambia sababu, haikuachi unakodoa macho kwenye kitufe kilichofifia.

Dalili: jina la mwenye laptopu wa zamani bado linatokea

Swali hili linatoka kwa walionunua laptopu iliyotumika, zile za kutoka Uingereza au Dubai zinazouzwa Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli ya Nairobi. Mtu amebadilisha jina la kifaa, ameanzisha upya, hostname inasoma vizuri, lakini akiiwasha anasalimiwa na jina la Mzungu asiyemjua.

Hayo ni majina tofauti. Jina la kifaa ni la kompyuta. Linalokusalimu ni la akaunti, na hubadilishwa kwingine: Control Panel, User Accounts, Change your account name kama ni akaunti ya ndani. Kama ni akaunti ya Microsoft ya mtu mwingine, usihangaike kuibadilisha jina. Futa kila kitu kwa Reset this PC, uanze na yako, maana kuendelea kukaa ndani ya akaunti ya mtu ni kuishi kwenye nyumba ambayo funguo anazo mwingine.

Jina la tatu ni folda iliyo ndani ya C:\Users. Hiyo ilipewa jina siku akaunti ilipoumbwa na haifuati mabadiliko ya baadaye. Tafadhali usiibadilishe kwa kubofya kulia na kuandika upya. Programu na mipangilio inaitafuta kwa jina lake la mwanzo, na ikikosekana Windows itakuingiza kwenye wasifu wa muda: mezani patupu, nyaraka hazionekani, presha juu. Tengeneza akaunti mpya yenye jina unalotaka, hamishia nyaraka zako humo, kisha futa ile ya zamani ukishajiridhisha kwamba hakuna kilichosahaulika.

Na kama jina linatokea kabla hata Windows haijaanza, chini ya nembo ya mtengenezaji, hilo limeandikwa kwenye BIOS, programu ya kuwashia iliyo ndani ya kompyuta yenyewe. Settings haifiki huko. Baadhi ya BIOS zinakuruhusu kulifuta, nyingine zimefungwa kwa nywila. Nywila ikiwepo na muuzaji haijui, mrudishie.

Mrudishie pia, tena siku hiyo hiyo, ikiwa baada ya kufuta kila kitu na kuunganisha intaneti kompyuta inakuletea ukurasa wa kampuni fulani ukitaka barua pepe ya kazini. Maana yake bado imesajiliwa kwa kampuni hiyo upande wa mtandaoni. Anayeweza kuiondoa kwenye orodha ni kampuni yenyewe, na kuna uwezekano haikuuzwa kihalali. Usimlipe fundi anayesema ataipita. Akiipita leo, siku utakayoifuta tena ukurasa utarudi.

Dalili: printa, folda za pamoja au programu ya mahesabu zimekatika

Turudi kwa mama wa steshenari. Kompyuta ya nyuma ilikuwa inaifuata printa kwa anwani ya mtindo huu: \\DESKTOP-kadhaa\Printa. Jina la mwanzo likibadilika, anwani nzima inakufa. Anza na jaribio moja. Kwenye kompyuta inayolalamika, bonyeza Windows na R, andika mistari miwili iliyoinama (backslash) na jina jipya, \\KAUNTA-1, halafu Enter.

Dirisha likifunguka na kuonyesha printa na folda, njia ni nzima. Kilichobaki ni kufuta vilivyoelekezwa kwa jina la zamani na kuviunganisha upya. Printa ifute kwenye Printers & scanners, kisha kwenye lile dirisha lililofunguka bofya mara mbili printa yenyewe, itajiunga. Usiridhike na kuona jina la printa kwenye orodha, chapisha karatasi moja. Kwa folda iliyopewa herufi ya diski, tuseme Z:

net use Z: /delete
net use Z: \\KAUNTA-1\Mahesabu /persistent:yes

Dirisha likifunguka lakini likataka jina na nywila, na zile unazozijua zote zinakataliwa, fungua Credential Manager kwenye Control Panel, sehemu ya Windows Credentials. Utakuta jina la zamani limekaa humo na nywila yake. Lifute. Kisha unapoingia upya, andika mtumiaji pamoja na jina la kompyuta mbele yake, KAUNTA-1\kaunta kwa mfano. Akaunti ya ndani hubeba jina la kompyuta yake kama ubini, kwa hiyo iliyohifadhiwa kwa ubini wa zamani haitambuliki tena. Hili linawapotezea watu nusu siku, kwa sababu nywila ni sahihi na bado inakataliwa.

Dirisha lisipofunguka kabisa, andika ping KAUNTA-1. Lijibu lisijibu, angalia kama mtandao wa kompyuta yenye printa umewekwa Public. Uweke Private, ila tu kama ni mtandao wako wa dukani na si Wi-Fi ya hotelini. Lisipojibu hata baada ya hapo, andika ipconfig /flushdns kwenye inayolalamika na uanzishe upya zote mbili, ukianza na yenye printa.

Baada ya hapo hesabu zilizobaki. Majedwali ya Excel yanayovuta takwimu kutoka faili la kompyuta nyingine yana anwani ya zamani ndani yake. Njia za mkato za mezani vilevile. Kama ni kompyuta mbili tatu, kazi ya saa moja. Kama ni kumi na tano, nina ushauri ambao mafundi wenzangu hawaupendi kwa kuwa hauna malipo: rudisha jina la zamani. Ndiyo, lile baya. Restart mara moja na ofisi nzima inafufuka. Jina zuri litaingia siku ya mapumziko, kwa mpango, mkiwa na orodha ya kila kitu kinacholitegemea. Yule mama nilimwachia KAUNTA-1 kwa sababu kompyuta zilikuwa mbili tu, na foleni ilikuwa imeshafika mlangoni.

Programu ya mahesabu au ya mauzo ni habari nyingine, na hapa ndipo naweka alama nyekundu. Nyingi huhifadhi data kwenye SQL Server, programu ya hifadhidata iliyo ndani ya kompyuta moja, na wateja wake huitafuta kwa jina la kompyuta hiyo. SQL Server nayo ina kumbukumbu yake ya jina ndani ya hifadhidata, inayobadilishwa kwa sp_dropserver na sp_addserver kisha huduma kuanzishwa upya. Kama maneno hayo mawili hukuwahi kuyatumia, usiyajaribu kwenye data ya mauzo ya mwaka mzima. Rudisha jina, thibitisha programu inafunguka, nakili data kwenye diski ya nje, halafu mpigie aliyeifunga.

Dalili: ujumbe kwamba jina linatumika tayari kwenye mtandao

Sababu kubwa ni kunakili diski. Fundi anapanga kompyuta moja vizuri, anaimwaga kwenye nyingine ishirini, zote zinaamka na jina moja. Ya kwanza kuwaka inapata jina, zinazofuata zinalalamika, na folda za pamoja zinaonekana leo na kupotea kesho kutegemea nani kawahi kazini. Andika nbtstat -n kwenye kila inayolalamika. Ukiona neno Conflict pembeni ya jina, umempata. Ipe jina lake, uanzishe upya. Kama majina yanaonekana tofauti na mgongano bado upo, hesabu herufi 15 za mwanzo, kumbuka kisa cha STESHENARI-KAUN.

Dalili: simu na ruta bado zinaonyesha jina la zamani

Hii haina madhara. Simu iliyowahi kuunganishwa kwa Bluetooth inaweza kubaki na jina ililolikuta, kwa hiyo futa uunganisho kwenye simu na uunganishe upya. Ruta hukumbuka jina kwa muda wote ambao imeikodisha kompyuta anwani ya mtandao. Zima Wi-Fi ya kompyuta uiwashe, au tumia ipconfig /release kisha ipconfig /renew, au subiri hadi kesho. Jina la hotspot unayorusha kutoka kwenye kompyuta lina mahali pake, kwenye Mobile hotspot. Na siku ukihitaji ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la diski, usiutafute kwa jina la kompyuta, linganisha Key ID iliyo kwenye skrini.

Kwenye Mac na Linux

Mac ina majina matatu na inakuonyesha moja. Lile la System Settings, General, About linakubali hata nafasi na ritifaa, kwa hiyo "Mac ya Ng'ambo" ni halali. Lile la mtandao wa ndani linaishia na .local na liko kwenye Sharing. La tatu ni la terminali, dirisha la kuandikia amri. Ukiona terminali imeng'ang'ania la zamani, andika sudo scutil --set HostName na jina jipya mbele yake. Mac ikijiongezea yenyewe (2) mwishoni, imedhani kuna pacha wake kwenye mtandao. Mara nyingi pacha ni yeye mwenyewe, ameunganishwa kwa waya na Wi-Fi kwa pamoja. Chomoa kimoja, rudisha jina.

Linux: sudo hostnamectl set-hostname kaunta1. Baada ya hapo kila sudo ikianza kukulalamikia "unable to resolve host", fungua /etc/hosts, na kwenye mstari wa 127.0.1.1 weka jina jipya badala ya la zamani. Kwenye seva ya kukodi jina likirudi kila ukianzisha upya, cloud-init, programu inayoipanga seva inapowaka, ndiyo inayolirudisha. Weka preserve_hostname: true kwenye /etc/cloud/cloud.cfg. Chrome ikikataa kufunguka ikisema wasifu unatumika kwenye kompyuta nyingine, kompyuta hiyo nyingine ni hii hii kwa jina lake la jana. Hakikisha Chrome imefungwa kabisa, kisha futa faili la SingletonLock ndani ya ~/.config/google-chrome.

Dalili: kompyuta ya ofisini inakataa kukuingiza kabisa

Ujumbe huwa unaanza na "The trust relationship between this workstation and the primary domain failed". Kompyuta iliyo kwenye domeini, yaani kundi la kompyuta za ofisi zinazosimamiwa na seva, ina akaunti yake kwenye seva hiyo, kama mfanyakazi mwenye kitambulisho. Ukibadilisha jina bila ruhusa ya seva, kwa kuhariri rejista kwa mfano, au ukirudisha nakala ya zamani ya mfumo, kitambulisho na daftari la mlinzi haviendani.

Kabla ya kumwita mtu, angalia kama waya wa mtandao umechomekwa na kama VPN imewaka ikiwa uko nyumbani. Anzisha upya mara moja. Ikishindikana, usijaribu tena. Msimamizi wa domeini anaweza kuitengeneza kwa Test-ComputerSecureChannel -Repair bila kupoteza chochote chako.

Usikubali mtu akwambie uitoe kwenye domeini na kuirudisha wewe mwenyewe. Ukishaitoa, akaunti ya domeini uliyokuwa unaingia nayo haitafunguka tena hapo, na kama huna nywila ya msimamizi wa ndani ya kompyuta hiyo, umejifungia nje na ufunguo umeuacha mezani. Kama unayo kompyuta nyingine au simu, piga picha ya ujumbe ulioko kwenye skrini, andika jina la zamani na jipya, mtumie mtu wa IT. Vitu hivyo vitatu ndivyo atakavyokuuliza.